Tukipanga Safari na Rafiki, Nani Atabaki Nyumbani?

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya safari. Hatusemi safari ya kutafuta kazi, wala safari ya kukimbia vita, maana hizo watu wa Salamabila wamezijua mno. Twasema safari ya kwenda kutazama tu: kuona mji, mto, kanisa, au mahali walipopita wazee wetu. Wako wanaodhani kwamba jambo hilo ni la matajiri na wageni. Sisi twasema sivyo. Mtu asiyeijua nchi yake huambiwa habari zake na wengine, naye hana la kujibu.

Walakini tumeona pia ya kuwa kupanga safari pamoja na rafiki ni kazi ngumu. Urafiki wa miaka mingi waweza kuvunjika kabla mtu hajafunga mzigo wake. Kwa hiyo tutawasimulia yaliyotupata sisi wenyewe, ili ninyi mnaojiandaa kwa kiangazi mpate faida bila kulipa gharama tuliyolipa sisi.

Tulikuwa rafiki saba: katekista mzee, mwalimu, mama mmoja auzaye mafuta ya mawese sokoni, fundi wa cherehani, mwenye duka ambaye ni Mwislamu na jirani yetu wa siku nyingi, na wanafunzi wawili wa sekondari, mvulana na msichana. Mazoea yetu ni kukaa pamoja Jumapili jioni na kuongea.

Jioni moja mvulana alileta daftari. Alikuwa amesoma habari za Japani, akapanga safari ya siku kumi kana kwamba nauli iko mfukoni. Siku ya kwanza na ya pili Tokyo. Siku ya tatu mlima Fuji, wenye urefu wa meta 3,776. Kisha kupanda lile treni la mbio lililoanza kazi mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Kisha Kyoto, Nara, Hiroshima, na mwishoni Nagasaki, nusu siku. Tulicheka, lakini tulimsikiliza, maana alikuwa ameandika vizuri.

Alipofika Hiroshima, mwalimu alimsimamisha. Akasema, “Hapo usipite mbio. Bomu lililoangushwa juu ya mji huo tarehe 6 Agosti 1945 lilifanywa kwa madini ya uranium, na sehemu kubwa ya madini ambayo Wamarekani waliyatumia katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga, katika nchi yetu hii.” Tukanyamaza. Hatukujua ya kuwa Japani iko karibu nasi namna hiyo.

Alipofika Nagasaki, katekista naye akauliza, “Nusu siku, mwanangu? Wale mashahidi ishirini na sita waliosulibiwa huko tarehe 5 Februari 1597 walitembezwa kutoka Kyoto wakati wa baridi, karibu mwezi mzima. Mmoja wao, Ludoviko Ibaraki, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kanisa liliwatangaza Watakatifu mwaka 1862. Na wewe wawapa nusu siku?” Kisha akaongeza kwa upole, “Na Nyangwe, mwanangu, umekwisha kuiona?”

Mvulana akasema hapana. Katekista akatuuliza sisi sote, mmoja mmoja. Hakuna aliyeiona. Hata yeye mwenyewe, mzee wa mvi, hakuwahi kufika. Ndivyo safari yetu ilivyoanza.

*Kosa la kwanza: kutaka yote*

Jumapili iliyofuata kila mmoja alikuja na mahali pake moyoni.

Mwalimu alitaka Kabambare. Alisema ya kuwa Livingstone alifika huko mwaka 1869, kisha akalala huko miezi mingi, tangu Julai 1870 hata Februari 1871, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne.

Msichana alitaka Fizi na Baraka, mahali walipouawa Wenye Heri wanne tarehe 28 Novemba 1964: Wasaveriani watatu kutoka Italia, na Padri Albert Joubert, aliyezaliwa katika nchi yetu, baba yake Mfaransa na mama yake Mwafrika. Walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Fundi alitaka Kongolo, walipouawa wamisionari ishirini wa Shirika la Roho Mtakatifu tarehe 1 Januari 1962, na karibu na hapo lile bonde jembamba la Lualaba, ambalo Wazungu waliliita Mlango wa Jehanamu. Katekista alitaka Kasongo, kuliona kanisa la Askofu. Mvulana alitaka Tongoni. Mama alitaka Nyangwe. Mwenye duka alinyamaza, akasema yeye ataandamana na wengine.

Basi tuliandika yote, tukayapa siku sita. Mwalimu alichukua uzi na ramani, akaupima. Fizi iko mashariki, Nyangwe magharibi, Kongolo kusini. Ule uzi ulizunguka ramani kama mbuzi aliyekatika kamba. Tungekuwa juu ya pikipiki tangu alfajiri hata usiku, na mahali tulipotaka kupaona tungepapita tu huku tukipiga honi.

Tukaanza kukatana. Huyu akasema chako kiondolewe, yule akasema chako ndicho cha upuuzi. Sauti zikapanda. Hapo katekista akatupa sheria ambayo twawapa ninyi pia: mtu asiondoe neno la mwenzake, aliyeleta mahali ndiye atakayepaondoa, kwa hiari yake. Tukakaa kimya kitambo. Msichana akaondoa Fizi na Baraka, akasema hiyo ni hija yenyewe na yastahili mwaka wake. Fundi akaondoa Kongolo. Mwalimu akaondoa Kabambare. Zikabaki Kasongo, Tongoni na Nyangwe, ambazo ziko upande mmoja. Hakuna aliyeshindwa, maana hakuna aliyenyang'anywa.

*Kosa la pili: kutojua twaenda kuona nini*

Wasomaji wetu wengi wajua ya kuwa Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, yule mfanya biashara wa Unguja aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mji ule wa kale haukuwa mahali pa mji wa leo. Mahali pake huitwa Tongoni, na jina hilo lina maana: tongo ni mahali palipohamwa na watu. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale wamechimba huko na kuwauliza wazee habari. Ndiyo sababu twawaonya wanafunzi: mkifika mahali kama hapo, msiokote vigae wala shanga na kuvitia mfukoni. Kigae kikiwa ardhini ni shahidi. Kikiwa mfukoni mwako ni takataka.

Nyangwe ndiyo iliyotutia taabu. Mama alitusimulia, naye alijifunza kwa mama yake. Hapo kandokando ya Lualaba palikuwa na soko kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake, waliokuja kwa mitumbwi na samaki, vyungu na mafuta. Tarehe 15 Julai 1871 watu wachache wa wafanya biashara, wenye bunduki, waligombana na mwuzaji juu ya bei ya kuku, wakaanza kupiga risasi katika soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikakwama, wengi wakazama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Habari aliyoiandika ilipofika Uingereza iliwachoma watu moyo, ikasaidia kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Mama akasema, “Hao walikuwa wanawake wa soko kama mimi. Walitoka nyumbani asubuhi na mafuta yao. Nataka kwenda kusimama pale.”

Wakati huo sote tulimtazama mwenye duka bila kukusudia, naye akatambua. Akainuka, akasema, “Ndugu zangu, nilinyamaza kwa sababu ya jambo hili. Niliogopa ya kuwa tukifika Nyangwe mtasema: babu zako ndio waliofanya. Lakini babu yangu hakutoka Unguja. Babu wa babu yangu alikuwa mtoto wa nchi hii, alikamatwa, akafanywa mtumwa, kisha akavikwa kanzu, akaitwa mngwana. Mimi ni mjukuu wa aliyekamatwa, na pengine pia ni mjukuu wa aliyekamata. Nifanyeje?”

Wasomaji, hatukuwa na jibu. Mwalimu alisema tu kwamba hata waliokuja baadaye hawakuja na mikono safi. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalitwaa Nyangwe mwezi Machi, na Kasongo mwezi Aprili, na damu ilimwagika tena. Baada ya hayo watu wetu walijua uchukuzi wa mizigo na kazi ya shuruti chini ya mabwana wapya, na hao walijiita Wakristo. Basi ni nani kati yetu awezaye kwenda Nyangwe kumshitaki mwenzake? Tulipatana ya kuwa hatutakwenda kama mahakimu. Tutakwenda kama wajukuu, sote pamoja, kuwakumbuka wafu.

Twasema hivi kwa sababu wengi wapanga safari kwa kuhesabu mahali tu. Semeni kwanza, mkiwa bado nyumbani: Twaenda kuona nini? Nani kati yetu ataumizwa na mahali hapo? Afadhali neno hilo lisemwe kwenye jamvi kuliko njiani.

*Kosa la tatu: kuficha fedha*

Tulipokwisha kupatana juu ya mahali, tulihesabu gharama: pikipiki, mafuta, chakula, malazi katika nyumba za watu wema, na akiba ya ugonjwa. Ilitoka franka 210,000 kwa kila mtu. Tukasema, kila mmoja alete zake kabla ya Juni. Tukaitikia sote, “Vema.”

Juma la pili fundi hakuja. Juma la tatu alituma neno kwamba ana nguo nyingi za kushona. Juma la nne tukaanza kumsema: ana kiburi, amekasirika kwa sababu ya Kongolo. Mama peke yake hakusema kitu. Alikwenda nyumbani kwa fundi na chupa ya mawese, akakaa na mkewe. Akaona cherehani haipo. Ilikuwa imewekwa rehani kwa ajili ya dawa za mtoto. Mtu aliyetuambia ana nguo nyingi za kushona hakuwa hata na cherehani.

Wasomaji wapenzi, tuliona haya. Sisi tuliosali pamoja kila Jumapili tulikuwa tumeweka kiwango ambacho ndugu yetu hakuweza kukifikia, tukamwachia njia mbili tu: kusema uwongo, au kujivua nguo mbele ya watu. Naye alichagua uwongo, na dhambi ile sehemu yake ni yetu.

Mwenye duka alitaka kumlipia. Katekista akakataa, akasema, “Ukimlipia, atakwenda nyuma yetu kama mchukuzi wa mizigo. Tutafute njia ambayo atakwenda kama sisi.”

Njia ilitoka mahali tusipopatazamia, katika daftari la mvulana. Alikuwa amesoma ya kuwa zamani, katika karne za utawala wa Edo, watu wa vijiji vya Japani walipenda kwenda kuhiji Ise, lakini mkulima mmoja hakuweza gharama ya safari. Basi wakafanya vyama, jina lake kō. Kila mmoja alitoa kidogo kidogo, kisha wakapiga kura au wakafuata zamu. Walioangukiwa walikwenda kwa niaba ya wote, wakarudi na ukumbusho kwa wale waliobaki. Mwaka mwingine wakaenda wengine. Watu hao hawakuwa Wakristo, lakini jambo jema ni jema.

Mama akacheka, akasema, “Hilo si likelemba letu la sokoni?” Naam, ndilo lenyewe! Tumelijua siku zote kwa kununulia sufuria na mabati, ila hatukufikiri ya kuwa laweza kununua safari.

Basi tulipatana hivi. Kila mmoja atatoa franka 3,000 kila juma. Watu saba hufanya 21,000. Majuma arobaini hufanya 840,000, yaani safari ya watu wanne. Majuma thelathini mengine hufanya 630,000, safari ya watatu waliobaki. Kila mtu atakuwa ametoa franka 210,000 zile zile, wala hakuna atakayedaiwa zote kwa siku moja. Fedha hutunzwa na Mama, daftari huandikwa na mwalimu, na kila Jumapili hesabu husomwa kwa sauti. Aliyepungukiwa juma moja husema mbele ya wote, “Juma hili sina,” nasi twajibu, “Utaleta.” Neno hilo dogo ndilo lililomrudisha fundi kwetu.

*Mambo mengine ya kushika*

Kwanza, habari za njia. Kila mtu wa Salamabila ajua ya kuwa vita na watu wenye silaha vimetutesa sana. Mwaka 2019 hata mgodi mkubwa wa Namoya ulisimamisha kazi kwa ukosefu wa usalama. Kwa hiyo tumepatana kwamba siku tatu kabla ya kuondoka tutauliza kwa Padri, kwa wakubwa wa serikali, na kwa waendesha pikipiki waliotoka huko karibuni. Mmoja wao akisema njia ni mbaya, safari itangoja. Kuahirisha si aibu. Mama wa watoto watano hapaswi kufa kwa sababu tulikuwa tumekwisha kununua mikate.

Pili, barua. Tumewaandikia wakristo wa Kasongo na wazee wa Nyangwe kuwaomba ruhusa ya kufika. Mgeni asiyebisha hodi si mgeni. Kila mmoja achukue pia karatasi zake za utambulisho.

Tatu, wasichana. Wazazi wa mwanafunzi wetu walikubali kwa sharti moja, kwamba asisafiri bila Mama. Sharti hilo ni la haki, nasi tuliwaandika wote wawili katika karatasi moja ya kura.

Nne, mzigo. Chukueni chandarua, maji yaliyochemshwa, dawa, na nguo moja safi ya Misa. Vingine huwalemea.

*Siku ya kura*

Jumapili iliyopita majuma arobaini yalitimia. Mwalimu aliandika karatasi sita, mojawapo yenye majina mawili. Tulizitia katika kofia ya mwenye duka. Katekista akatukumbusha ya kuwa Mitume nao walipiga kura walipomchagua Matia, tukasali Baba Yetu, naye mwenye duka akasali kwa namna yake. Mtoto mdogo wa fundi, yule aliyekuwa mgonjwa, ndiye aliyetia mkono katika kofia.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Mama na msichana. Ya pili ya mwenye duka. Ya tatu ya fundi. Wanne wametimia. Wakabaki mwalimu, mvulana mwenye daftari la Japani, na katekista mzee.

Fundi alisimama mara moja. Akasema, “Baba katekista, wewe ndiwe uliyetuuliza habari za Nyangwe. Miaka yako imekwenda. Chukua nafasi yangu, mimi nitakwenda mwakani.” Sote tuliona ni neno zuri, na wengine tulikwisha kupiga makofi.

Lakini mzee alikataa. Alisema, “Asante, mwanangu. Nikipokea, watu watasema fundi alikuwa na nafasi lakini haikumstahili, akaitoa kwa mkubwa. Na mwaka ujao maskini mwingine atajua ya kuwa kura ni maneno tu. Nenda wewe. Mungu akinipa uhai nitaiona kiangazi kijacho. Asiponipa, utakuwa umeniletea habari.” Kisha akawapa wote wanne kazi moja. Wakifika mahali pa soko wasimame, wawaombee wale waliokufa siku ile, ambao hesabu yao imekadiriwa lakini majina yao hatuyajui. “Mungu anayajua,” alisema, “lakini yafaa asikie ya kuwa na sisi twamwuliza.”

Wanne hao wanajiandaa kuondoka mwezi wa Julai, njia ikiwa salama. Wamepewa sharti la wale Wajapani wa kale: kila mmoja ataleta ukurasa mmoja wa yale aliyoyaona, nao utasomwa mbele yetu sote, pamoja na mkewe fundi, ambaye sasa cherehani yake imerudi nyumbani.

Nanyi, wasomaji wapenzi, mnaopanga safari na rafiki zenu, iwe ya Kasongo, ya Uvira, au hata ya Japani, anzeni kwa swali hili moja: Nani kati yetu amenyamaza, na kwa nini? Mkilijibu swali hilo, mengine yote ni kazi ya ramani na uzi.

Mungu awalinde wasafiri wote, na wale wanaowangoja nyumbani.